Chupa sita za mvinyo wa Porto, Warre's 1970, na tatu zisizo na lebo: ninunue zipi mnadani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, naishi Leicester. Mume wangu alizaliwa 1970 na tunamwandalia sherehe ya kuzaliwa. Katika katalogi ya mnada wa vitu vya kale wa mji wa jirani nimeona mafungu matatu ya mvinyo wa Porto. La kwanza ni chupa sita za Warre's 1970, makadirio pauni 300 hadi 400, "viwango kuanzia chini ya shingo hadi juu ya bega". La pili ni chupa tatu bila lebo, "zinaaminika kuwa Taylor's 1963". La tatu ni chupa 12 za mchanganyiko, makadirio ya chini kabisa. Sijawahi kununua mvinyo mnadani. Nichukue lipi, niishie bei gani, na nitajuaje kama haujaharibika? Tena tungependa kuwapelekea wakwe zangu Dar es Salaam chupa mbili. Msomaji, Leicester.

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na jibu lenyewe. Hizo sita za Warre's, ambayo ni kampuni ya mvinyo wa Porto kama ilivyo Taylor's, zifuatilie kwa bidii. Hizo tatu zisizo na lebo usizitie dau hata moja mpaka mtu wa mnada akueleze ameona nini kwenye kizibo. Fungu la mchanganyiko liache lilivyo. Na hizo za Dar nitazizungumzia mwishoni, kwa sababu sitaki upeleke chupa za 1970 huko.

Una bahati na mwaka wa mume wako. Mvinyo wa Porto wa vinteji, yaani wa mavuno ya mwaka mmoja ulio bora, hautengenezwi kila mwaka. Zabibu huvunwa katika bonde la mto Douro, kaskazini ya Ureno, zinakanyagwa au kusagwa, na uchachukaji ukifika katikati hutiwa pombe kali ya zabibu ili usimame. Ndiyo maana utamu hubaki na ukali wa pombe hupanda hadi karibu asilimia 20. Katika mwaka ambao kampuni inaona mavuno yake ni bora kweli, inapeleka sampuli kwa taasisi ya serikali inayosimamia mvinyo wa Douro na Porto, na ikikubaliwa inautangaza mwaka huo. Hutokea kama mara tatu katika miaka kumi. 1963 ulitangazwa, 1966 pia, na 1970 ulitangazwa na karibu kampuni zote kubwa. Mtu aliyezaliwa 1971 au 1973 ningemhangaikia zaidi.

Vinteji hukaa kwenye pipa miaka miwili tu au zaidi kidogo, kisha hutiwa chupani bila kuchujwa, na maisha yake yote yaliyobaki huyaishi ndani ya chupa, gizani, imelazwa. Utamu, ukali na ule ukakasi wa maganda ya zabibu huupa mvinyo huu nguvu ya kuishi miaka 50 na kuendelea. Kwa hiyo kwa mtu anayeanza kununua chupa kuukuu, sijui mvinyo mwingine unaosamehe kama huu. Bordeaux, mvinyo wa Ufaransa, ya 1970 iliyowekwa vibaya kwa miaka kumi ni siki ya kumwaga. Warre's ya mwaka huohuo, ikipitia shida hiyohiyo, mara nyingi bado inanyweka na kufurahisha. Nasema mara nyingi, si kila mara, na kazi yako kabla ya nyundo kugonga ni kuongeza uwezekano huo.

Sasa kuna jambo la 1970 ambalo katalogi yako haikulitaja, nawe unapaswa kuliuliza. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya vinteji ilikuwa ikisafirishwa kutoka Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Porto, ikiwa ndani ya mapipa yenye zaidi ya lita 500 kila moja. Wafanyabiashara wa mvinyo wa London, Bristol na miji mingine ya Uingereza ndio walioitia kwenye chupa, wakaweka vizibo vyao, lakiri zao (nta ya kufunika kizibo) na lebo zao, kama waliweka lebo. Katikati ya miaka ya 1970 Wareno wakaamuru vinteji yote itiwe chupani nchini mwao. Kwa hiyo 1970 ni mwaka mkubwa wa mwisho ambao utakuta mvinyo uleule mmoja, wa kampuni ileile, chupa moja imejazwa Ureno na nyingine imejazwa Uingereza.

Inakuhusu nini? Chupa iliyojazwa Ureno kwa kawaida ina lebo ya kampuni yenyewe, kizibo chenye chapa ya jina na mwaka, na mara nyingi ule ukanda mwembamba wa karatasi ya serikali uliopita juu ya kizibo. Bei yake huwa juu kidogo kwa kuwa haina maswali. Chupa iliyojazwa Uingereza inategemea nani aliyeijaza. Nyumba kama Berry Bros. & Rudd, Justerini & Brooks au Harveys ya Bristol walijua kazi yao, na chupa zao nazinunua bila kusita. Lakini walikuwepo wengi wadogo pia, wengine walitumia vizibo vifupi au hafifu, na leo ndivyo vinavyovuja. Waulize basi: zilijazwa wapi, na nani? Kama chupa sita zote zimejazwa mahali pamoja na zina lakiri ya aina moja, hiyo ni dalili nzuri kwamba zimekaa pamoja tangu zinunuliwe. Kama tatu zina lakiri nyekundu na tatu zina kifuniko cha madini ya risasi, basi kuna mtu aliyeziokoteza huku na huko, na kila moja unaipima peke yake.

Jambo hili la chupa kukaa pamoja ndilo ninalolijali kuliko jina la kampuni na kuliko mwaka. Wanunuzi wapya wanasoma majedwali ya miaka bora, wanakariri 1963 na 1977, kisha wanalipa pesa nyingi kwa chupa ya mwaka mkubwa iliyokaa miaka 20 juu ya kabati la jikoni karibu na jiko. Mwaka hauiokoi chupa iliyopikwa. Mimi niko tayari kununua kampuni ya daraja la pili, Gould Campbell kwa mfano, au Smith Woodhouse, iliyotoka kwenye stoo moja ya chini ya nyumba tangu siku iliponunuliwa, kuliko Taylor's isiyo na historia. Na nitakunywa vizuri zaidi, kwa nusu ya bei.

Basi piga simu. Minada ya miji midogo hukaribisha maswali, na wengi wao watakutumia ripoti ya hali ya fungu bila malipo. Uliza muuzaji ni nani kwa maana ya aina yake: ni familia inayouza mali ya marehemu, mgahawa uliofungwa, au mtu anayenunua na kuuza? Hawatakupa jina, wala hulihitaji. Uliza chupa zilikuwa wapi kwa miaka hiyo yote. Stoo ya chini ya ardhi, yenye ubaridi na unyevu, ndilo jibu unalotaka kulisikia. Unyevu huharibu lebo lakini hutunza kizibo, hivyo lebo iliyooza au iliyoliwa na wadudu isikutishe hata kidogo. Mimi naiamini zaidi chupa yenye lebo chakavu na kizibo kizima kuliko chupa yenye lebo inayong'aa ambayo hakuna anayejua ilikaa wapi. Wakikujibu "ilikuwa darini" au "kwenye gereji", punguza dau lako kwa nusu, au uache.

Omba pia picha ya chupa zote sita zikiwa zimesimama, na taa nyuma yake. Hapa tuzungumze viwango, maana maneno ya katalogi yako yana upana mkubwa. "Chini ya shingo" ni pale shingo inapoanza kupanuka kuwa bega. Kwa chupa ya umri huu, mvinyo kufika hapo ni hali nzuri sana. "Juu ya bega" maana yake umeshuka kidogo, na kwa mvinyo wa zaidi ya miaka 50 bado ni kawaida. Kizibo hupumua, na tone kwa tone mvinyo hupungua. Ikifika katikati ya bega, naanza kuwa na shaka kubwa. Chini ya hapo siinunui, hata kwa bei ya kutupa, isipokuwa kama nataka chupa tupu ya pambo.

Cha kuangalia zaidi ni tofauti kati ya chupa na chupa. Sita zilizolala pamoja miaka yote zinapaswa kushuka kwa kiasi kinachokaribiana. Ukikuta tano ziko shingoni na moja imeshuka hadi bega, kizibo cha hiyo moja kimevuja, na unapaswa kuihesabu kama haipo. Gawa bei kwa tano. Angalia pia kama kuna michirizi ya kunata iliyokauka chini ya kifuniko, au kama kizibo kimesukumwa juu kikainua lakiri. Kusukumwa juu ni dalili ya joto: mvinyo ulipanuka ukatafuta njia ya kutoka. Kwa dalili hiyo moja naacha fungu zima, kwa sababu joto lililoipata chupa moja limezipata zote.

Kama unaweza kwenda siku ya maonyesho kabla ya mnada, nenda na tochi ndogo yenye mwanga mkali. Weka tochi nyuma ya chupa na utazame rangi shingoni na begani. Kioo cha chupa hizi ni cheusi, lakini kwa tochi nzuri utaona. Warre's 1970 yenye afya itakuwa na wekundu unaoelekea rangi ya tofali, na bado ina kina. Ikiwa ya kahawia tupu kama chai, imechoka. Linganisha zote sita. Inayopauka kuliko wenzake iweke akilini. Usizitikise wala kuzigeuza juu chini, maana ndani kuna mashapo yaliyoganda upande mmoja kwa miongo mitano. Ukiona doa la rangi nyeupe limepakwa ubavuni mwa chupa, usidhani ni uchafu: ndiyo alama ya watunzaji wa zamani ya kuonyesha upande uliokuwa juu chupa ilipolazwa, ili ikihamishwa ilazwe vilevile.

Tuje kwa zile tatu zisizo na lebo. Kwamba hazina lebo si kosa. Vinteji nyingi zilizojazwa Uingereza miaka ya 1960 hazikubandikwa lebo kabisa; zilikwenda moja kwa moja stoo, na aliyezinunua aliandika kwenye daftari lake rafu ipi ina nini. Mzee akifariki, daftari hupotea. Ndipo watoto wanamwambia dalali, "Baba alikuwa akisema hii ni Taylor's ya sitini na tatu." Na pengine ni kweli. Lakini maneno "zinaaminika kuwa" yameandikwa kwa makusudi na mtu anayejua kwamba ukija kulalamika hatakuwa na la kukulipa.

Ushahidi unapatikana kwenye kizibo na juu yake. Kama kuna lakiri, mara nyingi imegongwa muhuri wa kampuni au wa aliyejaza chupa, na wakati mwingine mwaka. Kama lakiri imevunjika, kizibo chenyewe kinaweza kuwa na chapa ubavuni inayosomeka kupitia kioo cha shingo, ukimulika kwa tochi na ukawa na subira. Wakaguzi wazoefu wa minada hukata kifuniko kidogo ili wasome, kisha wanaandika kwenye katalogi kwamba chapa imesomeka. Waulize kama wamefanya hivyo. Wakisema chapa inasomeka "Taylor 1963", mambo yanabadilika, na chupa hizo zinastahili pesa kubwa. 1963 ni mwaka wenye sifa kubwa na Taylor's ni miongoni mwa waliofanya vizuri kabisa. Wakisema hawakuangalia, waombe waangalie. Wakikataa, zihesabu kama chupa tatu za mvinyo wa Porto usiojulikana, ulipe kwa kiwango hicho au usilipe kabisa.

Kuna kipimo kingine unachoweza kukifanya kwa macho yako. Tazama chini ya chupa, kwenye kitako na sehemu iliyo karibu nacho. Mvinyo wa 1963 ulitiwa chupani karibu na 1965. Ile alama ndogo ya herufi e ya Kigiriki iliyogeuzwa, inayofanana na tarakimu 3, iliyobonyezwa kwenye kioo, inayoonyesha ujazo uliothibitishwa kwa kanuni za Ulaya, ilianza katikati ya miaka ya 1970. Ukiikuta kwenye chupa inayodaiwa kuwa ya 1963 iliyojazwa Uingereza, mazungumzo yameisha.

Watu huniuliza sana kuhusu bandia, hasa tangu Rudy Kurniawan alipohukumiwa miaka 10 jela huko New York mwaka 2014 kwa kutengeneza chupa bandia za mvinyo ghali. Yeye alighushi hasa mivinyo ya Burgundy, Ufaransa, ambayo chupa moja ilifika maelfu ya dola. Vinteji ya Porto, ukiacha majina machache sana kama Quinta do Noval Nacional ya 1931, haina bei ya kumfanya mghushi akose usingizi. Hatari yako kwenye mnada wa mji mdogo ni mwandishi wa katalogi mwaminifu anayebahatisha, ambaye jana alikuwa anaorodhesha vikombe vya kauri na kesho ataorodhesha saa za ukutani. Ujinga huo wakati mwingine hukufaidisha wewe: nimeona chupa nzuri za 1970 zikiorodheshwa kama "mvinyo wa zamani" tu, na aliyejua kusoma lakiri akazichukua kwa bei ya chakula cha jioni.

Ndiyo sababu fungu la tatu linawavuta watu, na ndiyo sababu nakwambia uliache. Nimekisia kilichomo, kwa kuwa mafungu haya hufanana. Kutakuwa na chupa zenye mwaka na maneno "Late Bottled Vintage". Huo ni mvinyo wa mwaka mmoja kweli, lakini umekaa kwenye pipa miaka minne hadi sita, na nyingi za aina hiyo zimechujwa ili zinywewe mara zinaponunuliwa. Kuzihifadhi miaka 40 hakukuziongezea chochote. Kutakuwa na "Vintage Character", ambayo si ya mwaka mmoja wala si vinteji. Ni mchanganyiko wa kawaida uliopewa jina la kupendeza, na jina hilo limekwisha kuachwa. Kutakuwa na ruby mbili tatu, Porto changa ya kawaida, ambazo mtu alipewa Krismasi akazisahau. Ikiwa kati ya 12 imo vinteji moja halisi, kwenye lebo yake utaona jina la kampuni, mwaka, na neno "Vintage" bila "Late Bottled" mbele yake na bila "Character" nyuma yake. Hata hivyo moja haitoshi kununulia kumi na moja.

Kwa msomaji mwingine ambaye mwaka wake haukutangazwa, ipo aina iitwayo Colheita, nayo pia ni ya mavuno ya mwaka mmoja, ila imezeeka kwenye pipa kwa angalau miaka saba, mara nyingi miongo kadhaa. Lebo yake huonyesha mwaka wa mavuno na mwaka wa kutiwa chupani. Hiyo haizidi kuwa bora ndani ya chupa, kwa hiyo tafuta iliyotiwa chupani hivi karibuni. Kwa zawadi ya mtu wa 1971 au 1973 ni chaguo zuri sana.

Sasa pesa. Bei ya nyundo, ile ambayo dalali anagonga nyundo akaifunga, siyo bei yako. Minada ya Uingereza hutoza ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 hadi 30, na juu ya ada hiyo kuna VAT ya asilimia 20. Chukua mfano: unapata Warre's kwa pauni 360. Ada ikiwa asilimia 25 ni pauni 90, VAT ya ada ni 18, jumla 468. Ukitia dau kupitia tovuti ya watu wengine badala ya kwenda mwenyewe, tovuti inaweza kuongeza ada yake. Ikiwa ni asilimia 5 pamoja na VAT, ni pauni 21 na senti 60, na sasa uko karibu 490. Kila chupa imekufikia kwa pauni 82 hivi, kabla ya usafiri. Kampuni za kutuma vifurushi nyingi hazitaki vioo vyenye kimiminika, na mnada mdogo utakwambia uje uchukue mwenyewe. Kwa kuwa ni mji wa jirani, nenda tu.

Soma masharti yaliyo mwishoni mwa katalogi, hata kama maandishi ni madogo. Angalia kama kuna alama pembeni ya namba ya fungu inayomaanisha VAT inatozwa pia juu ya bei ya nyundo. Kwenye minada mikubwa ya London utakutana na chupa zilizo ndani ya ghala la forodha: bei inaonekana ndogo, lakini ukizitoa unalipa ushuru na VAT, na mvinyo wenye asilimia 20 za pombe hutozwa ushuru mkubwa kuliko mvinyo wa kawaida wa mezani. Fungu lako, likiwa limetoka kwenye nyumba ya mtu, bila shaka ushuru wake ulilipwa zamani.

Kabla hujaamua kikomo, tafuta bei ya Warre's 1970 kwa wauzaji wa mvinyo wanaouza chupa kuukuu madukani na mtandaoni. Duka zuri hukagua chupa kabla ya kuiuza, na wengi watakubadilishia ikiwa imeharibika kwa harufu ya kizibo. Mnada haukupi hilo. Unanunua kama kilivyo, na mvinyo mbaya ni wako. Kwa hiyo dau lako, pamoja na ada zote, liwe chini ya bei ya duka kwa angalau moja ya tano. Likikaribia bei ya duka, nunua dukani ulale usingizi. Andika namba hiyo kwenye karatasi ukiwa nyumbani, umetulia, na uwape mnada dau la maandishi siku moja kabla. Kwa mtu wa mara ya kwanza napendelea hivyo kuliko kukaa ukumbini au mbele ya skrini, kwa sababu dalali hodari anajua kukufanya uone pauni 20 zaidi si kitu, kisha 20 nyingine. Na kama sherehe haiko karibu, jua kwamba wiki za kabla ya Krismasi Waingereza wengi hukumbuka mvinyo wa Porto kwa wakati mmoja. Subiri Februari au Machi kama unaweza.

Ukizipata, zibebe zikiwa zimelala, doa jeupe juu kama lipo, na uendeshe polepole kwenye matuta. Nyumbani zilaze mahali penye giza na ubaridi usiobadilikabadilika. Kabati la chini ya ngazi linafaa kwa miezi michache, mradi hakuna bomba la joto humo. Jikoni hapana kabisa.

Siku mbili kabla ya sherehe, simamisha chupa utakazofungua ili mashapo yashuke. Kizibo cha miaka 50 kitavunjika, usijilaumu. Tumia kifungulio chenye miguu miwili bapa inayopita pembeni mwa kizibo, au cha kuzungusha chenye ncha ndefu, polepole. Kikisambaratika, mimina kupitia kitambaa safi cha melimeli kilichosuuzwa kwa maji moto, kisicho na harufu ya sabuni. Kuna pia koleo la chuma linalopashwa motoni, likabanwa shingoni, kisha kitambaa chenye maji baridi kikagusa pale na shingo ikakatika. Ni kazi nzuri kuitazama, lakini usiijaribu mara ya kwanza mbele ya wageni.

Mimina kwenye jagi la kioo kwa mkono mmoja usiosita, bila kurudisha chupa wima, na mwanga wa tochi chini ya shingo. Ukiona utepe wa mashapo unaingia shingoni, acha. Onja. Harufu ya katoni iliyolowa ni ya kizibo chenye kasoro kilichouharibu mvinyo, na haiponi. Harufu ya siki ni mwisho wake. Harufu ya vumbi na stoo ya zamani ipe nusu saa, mara nyingi hutoweka. Warre's 1970 ningeimimina saa moja au mbili kabla ya kuitoa mezani, si zaidi. Chupa moja inatosha watu kumi kwa glasi ndogo, baada ya chakula, pamoja na jibini ya Stilton au lozi, na korosho za kukaanga zisizo na chumvi nyingi zinakwenda nayo vizuri sana. Fungua mbili, uwe na ya tatu imesimama tayari. Kati ya sita, moja ikikuangusha usishangae. Zilizobaki zina miaka mingine ya kuishi, na kama hali yake ni nzuri mfungulie mume wako moja kila mwaka.

Na wakwe zako. Kwa sheria za ndege hakuna tatizo: kinywaji kisichozidi asilimia 24 za pombe hakimo kwenye orodha ya vitu vya hatari, kiweke kwenye begi la chini, kimefungwa vizuri, na ukifika ukitaje forodhani. Tatizo ni mvinyo wenyewe. Chupa ya 1970 ikirushwa huku na huku uwanjani itachafuka yote kwa mashapo, itahitaji wiki kadhaa kusimama kabla ya kunyweka, na wiki hizo itazikaa Dar kwenye joto la nyuzi 30 na ushei, na kizibo kilichochoka. Si haki kwa mvinyo wala kwa wazee. Wapelekee Porto ya aina ya tawny ya miaka 20, kutoka duka lolote zuri. Imezeeka kwenye pipa, imechujwa, haina mashapo, haihitaji jagi wala tochi, na ikishafunguliwa inakaa vizuri kwenye friji kwa wiki tatu au nne. Waambie wainywe ikiwa baridi, glasi ndogo, jioni.

Piga simu ya mnada kesho asubuhi, uulize kuhusu vizibo kwanza. Wakikutumia picha zenye taa nyuma, nitumie nami nizitazame kabla hujaandika dau.